Yai na Mwiko Wake katika Nchi ya Seme

Msafiri atokaye Kisumu kwa njia ya Bondo, akiisha kuipita Kisian na kuwasili Kombewa katika nchi ya Seme, hakawii kumwona mchuuzi wa mayai ya kuchemsha, ambayo vijana huyaita mayai boilo. Naye mchuuzi hulimenya yai upesi, akalipasua kwa urefu pasipo kulitenganisha, akalijaza kachumbari ya nyanya na kitunguu, akanyunyiza chumvi na pilipili, kisha akamkabidhi mnunuzi katika kipande cha karatasi.

Amma zamani mambo hayakuwa hivi. Katika mila ya Wajaluo, ndio wenyeji wa Seme, kuku na yai lake vilikuwa mwiko kwa wanawake, ijapokuwa wao ndio waliowalisha kuku, wakawafungia usiku, na kuyahifadhi mayai hata yakaatamiwa. Kuku mwenyewe aghalabu alichinjwa kwa heshima ya mgeni, na mwanamke aliyempika aliandaa sahani asiyoruhusiwa kuionja.

Mageuzi yalianza kwa reli, ambayo mwezi wa Desemba 1901 ilifika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, na nyuma yake wakafuata wafanyabiashara wa Kihindi, Allidina Visram miongoni mwao, pamoja na mapishi ya kwao, kachumbari ikiwamo. Serikali nayo ikadai kodi ya nyumba, hata kila kilichoweza kuuzwa kikapata thamani mpya machoni pa watu. Kadhalika zilikuja misheni: ya Kanisa la Marafiki huko Kaimosi mwaka 1902, na ya Kianglikana huko Maseno, jirani ya Seme, mwaka 1906. Miongoni mwa Waluhya wa upande wa Kaimosi, ambao walikuwa na mwiko uo huo, wako wanawake waliotanasari ambao walikula kuku na mayai hadharani kuwa ushahidi wa imani yao, ingawa wazee walighadhibika.

Shule na zahanati zikaendeleza kazi hiyo, zikifundisha kwamba mama mjamzito na mtoto wanahitaji yai kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Hivyo mwiko ukalegea taratibu, kizazi baada ya kizazi, pasipo amri ya mtawala. Na leo wanawake wa Seme huyala mayai na kuyauza bila kificho. Mila iliyomnyima mfugaji tunda la jasho lake haikustahili kudumu, nayo haikudumu.