Upagani Mamboleo: Jina la Madruidi, si la Wazee wa Kaya

Huku Pwani ya Kenya neno mpagani ni tusi la heshima. Mama humwita hivyo kijana wake asiyeonekana kanisani wala msikitini, akimaanisha kwamba hana dini na anaishi apendavyo. Kwa hiyo msomaji wa Kilifi huduwaa akisikia kwamba Uingereza wapo walimu, wauguzi na mafundi wanaojiita wapagani kwa hiari yao, na kwamba mwaka 2010 tume inayosimamia mashirika ya hisani ya England na Wales ilisajili shirika lao la madruidi, watu wanaojinasibisha na makuhani wa Wakelti wa kale, ikakubali kwamba lengo lake ni la dini. Watu hao wanahitaji jina la Kiswahili lisilowatukana. Ninalolipendekeza ni upagani mamboleo. Pamoja na jina hilo, ninataka tukubaliane pia ni nani wasioitwa hivyo, maana nimechoka kuona wazee wetu wa kaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda, wakiingizwa humo.

Chimbuko la neno mpagani ni Kilatini. Paganus alikuwa mtu wa mashamba, wa vijiji vya nje ya mji. Wakristo wa dola ya Roma, kufikia karne ya 4, walilitumia kwa kila aliyebaki na miungu ya zamani. Kwetu lilifika kwa mkondo wa wamisionari. Ludwig Krapf alitia nanga Mombasa mwaka 1844, na miaka miwili baadaye yeye na Johannes Rebmann wakafungua kituo Rabai, mlangoni kabisa mwa kaya. Waswahili tayari walikuwa na maneno yao kutoka Kiarabu, kafiri na mshirikina, ya kumtaja jirani wa bara asiyeswali. Kwa vyovyote vile, jina lilitoka kwa mtu wa nje. Sijui lugha yoyote ya Mijikenda ambamo mzee alijiita mpagani kabla ya kuambiwa na mwingine kwamba ndivyo alivyo.

Ulaya mambo yaligeuka katika karne ya 20, pale watu walipolichukua jina hilo la kulaumiwa wakalivaa wenyewe. Ndiyo sababu ya kuongeza mamboleo, neno ambalo tumelizoea tangu enzi za Nkrumah na Nyerere katika ukoloni mamboleo. Linatuambia kwamba sura ni ya zamani, lakini jambo lenyewe ni la leo.

Nalo ni la leo kweli. Wakelti wa kale waliishi Gaul, yaani Ufaransa ya sasa, na katika visiwa vya Uingereza na Ireland. Makuhani wao, madruidi, twawajua hasa kwa maandishi ya maadui wao. Julius Caesar aliandika kwamba mwanafunzi wa udruidi aliweza kukaa hadi miaka 20 akihifadhi mashairi kwa moyo, kwa kuwa mafundisho hayo yalikuwa mwiko kuandikwa. Mwaka wa 60 au 61, jemadari wa Roma, Suetonius Paulinus, alivuka maji na jeshi lake hadi kisiwa cha Mona, ambacho leo huitwa Anglesey, akakata misitu yao mitakatifu. Elimu ambayo haikuandikwa, mabingwa wake wakiuawa na wanafunzi wakitawanyika, haina pa kubaki. Baadaye Ukristo ukaingia, na watawa wa Ireland wakaandika hadithi za kale kwa kalamu ya Kikristo.

Kilichofuata ni kazi ya watu wa juzi. Mwaka 1792, juu ya kilima cha Primrose Hill jijini London, mshairi wa Wales aliyejiita Iolo Morganwg aliongoza ibada aliyodai imerithiwa kutoka kwa madruidi. Wataalamu walikuja kugundua kwamba sehemu kubwa ya nyaraka zake aliziandika mwenyewe. Mwaka 1964 Ross Nichols aliunda chama cha madruidi ambacho kingali na wafuasi wengi. Sikukuu nane wanazoadhimisha kila mwaka zilipangwa hivyo katikati ya karne ya 20, ingawa nne kati yake, kama Samhain ya tarehe 1 Novemba, zinatajwa katika maandishi ya Ireland ya zama za kati. Hata mawe ya Stonehenge wanakokusanyika jua la kiangazi linapochomoza yalisimamishwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya druidi wa kwanza kutajwa popote.

Sisemi haya kuwakejeli. Wengi wao wanayajua na kuyakiri, na wapo wanaojifunza Kiayalandi na kusoma taarifa za wachimbuaji wa mambo ya kale ili wasidai wasichokuwa nacho. Imani haiwi uongo kwa kuwa changa. Lakini mnyororo wa kupokezana ulikatika, na wanaoabudu leo wameuanza upya.

Sasa ingia msitu wa kaya. Utavua viatu, utafuata njia moja nyuma ya mzee, na hutavunja hata kijiti cha kuchokolea meno. Ndani kuna moro, mahali pa baraza la wazee, na kuna fingo, kinga iliyozikwa ardhini na watangulizi. Kaya zilikuwa vijiji vyenye ngome. UNESCO inazitaja kuanzia karne ya 16, na inasema kufikia miaka ya 1940 wakazi walikuwa wamehama. Wakazi walihama, ila wazee hawakuacha kurudi. Mvua ikikataa, Mulungu huombwa, na koma, roho za waliotangulia, hukumbukwa.

Tazama kigango. Ni ubao mrefu wa mti mgumu, umechongwa kichwa kwa juu, na mwili wote umejaa pembetatu ndogondogo. Vipande vya nguo hufungwa juu yake kana kwamba mtu amevishwa. Huchongewa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, aliyefariki, husimikwa bomani, na hunyunyiziwa mnazi. Kikishasimikwa hakiguswi, jamaa wakihama wanakiacha kilale na kuoza mahali pake. Kwa sababu hiyohiyo wezi walikuta vingi vimesimama peke yavyo, wakaving'oa, na vikauzwa Marekani kama mapambo. Baadhi ya makavazi ya huko yameanza kuvirudisha. Mtu hawezi kudai arudishiwe kigango cha babu yake kama hajui babu huyo ni nani, na familia nyingi za Kilifi zinajua.

Nasi tulikuwa na Mona yetu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda, huko Kaya Fungo, wanawake wakala kiapo cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, wasitoe vijana wala kodi kwa Mwingereza. Tarehe 4 Agosti 1914 serikali ya kikoloni ililipua kaya hiyo kwa baruti. Warumi walikata miti ya Mona, na hatimaye udruidi ulikwisha. Kaya Fungo ililipuliwa, na leo ingali na wazee wake, na imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008.

Kiswahili kina vitenzi viwili vya kutenganisha hali hizi, nami naomba tuvitumie kwa makini. Kufufua ni kwa kilichokufa. Kuhuisha ni kwa kilicho hai lakini kimedhoofika. Madruidi wa leo wanafufua. Chama cha utamaduni cha Malindi, MADCA, kinapoandaa tamasha la Mekatilili mwezi wa Agosti, na wazee na kina mama waliovaa hando wakaelekea Bungale, Magarini, alikozikwa shujaa huyo, kinahuisha. Kuna mapya katika tamasha hilo, kama vipaza sauti na hotuba za wanasiasa. Waliomo, hata hivyo, walifundishwa na waliofundishwa.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Katika Kilifi wazee wenye mvi wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na shamba ambalo vijana wanataka kuliuza. Wengine wamekimbilia kituo cha Kaya Godoma huko Ganze. Kigiriama hakichanganyi muganga na mutsai: wa kwanza huponya, wa pili hudhuru, na wazee wa kaya ndio waliokuwa wakimhukumu mutsai. Lakini anayeamini kwamba yote ni upagani tu haoni tofauti, na asiyeona tofauti ni rahisi kumnyooshea kidole mzee yeyote mwenye tunguri.

Wahariri, walimu na wahubiri, andikeni na mseme dini ya kaya, au dini ya jadi ya Mijikenda. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 32, inailinda kama inavyolinda kanisa na msikiti. Upagani mamboleo mwachieni aliyeuchagua.