Malale, Maji ya Mgongo na Maabara ya Entebbe

Utangulizi

Muhula uliopita, tulipokuwa tukijadili uundaji wa istilahi za tiba, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini tunasema damu imepimwa, ilhali hakuna aliyeiweka kwenye mizani?" Wenzake waliangua kicheko, lakini swali lilikuwa na uzito. Kiswahili humtumia mpima unga dukani, mpima viwanja na mchunguzi wa damu, mkojo au makohozi kitenzi kimoja tu: kupima. Muktadha ndio unaotofautisha. Kwa mzungumzaji mzoefu hapana tatizo. Kwa mgonjwa mwenye hofu, tatizo laweza kuwapo, nami nimewahi kulishuhudia, kama nitakavyoeleza hapa chini. Makala haya yanarejea historia ya kipimo kimoja kilichopata umaarufu hapa kwetu Uganda zaidi ya miaka 100 iliyopita, kisha yanauliza sisi walimu na wanafunzi wa lugha tunahusikaje nacho.

Jina lililotokana na usingizi

Katika lugha zetu, maradhi mengi yamepewa majina kutokana na dalili zake. Homa ya manjano imeitwa hivyo kwa sababu ya rangi ya macho na ngozi ya mgonjwa. Malale ni neno lenye uhusiano na kulala. Waganda nao waliuita ugonjwa huo mongota, jina linalotokana na kusinzia. Kisukari ni tofauti kidogo, kwani jina lake linatokana na kile kinachokutwa ndani ya mkojo na damu.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Shida ya malale ni kwamba usingizi si wingu la kwanza. Vimelea vya ugonjwa huu, viitwavyo tripanosoma, huingia mwilini mtu anapoumwa na mbung'o. Kwanza hukaa katika damu na tezi, na mgonjwa huhisi homa za kuja na kuondoka, maumivu ya kichwa na uchovu. Katika aina moja ya malale, ile ya gambiense, hali hiyo yaweza kudumu miezi mingi, hata miaka, kabla ya vimelea kuingia katika ubongo na maji yauzungukayo. Hapo ndipo usingizi wa mchana unapoanza. Kwa hiyo jina tulilolizoea linataja ugonjwa uliokwisha kukomaa. Ili kuutambua mapema, ilibidi watu waache kumtazama mgonjwa usoni tu, wakatazame ndani ya majimaji ya mwili wake.

Entebbe, 1902 na 1903

Mwaka 1901 madaktari ndugu wawili, Albert Cook na Jack Cook wa Hospitali ya Mengo, waliwaona wagonjwa wa kwanza wa malale kuletwa kwao. Wakati huo tauni hiyo ilikuwa imekwisha kuenea Busoga na kandokando ya Ziwa Viktoria. Inakadiriwa kwamba katika miaka michache iliyofuata iliua watu zaidi ya 200,000. Vijiji vizima vya pwani na visiwani vilibaki mahame.

Elimu ya kuchunguza majimaji ya mwili ilikuwa bado changa. Mwaka 1880 Alphonse Laveran alikuwa ameona vimelea vya malaria katika damu huko Algeria. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza bakteria wa kifua kikuu, na tangu hapo makohozi yakawa kitu cha kuchunguzwa. Mwaka 1891 Heinrich Quincke wa Ujerumani alieleza namna ya kuchoma sindano kiunoni, kati ya pingili, na kutoa maji ya uti wa mgongo. Mbinu hiyo ya tatu ndiyo iliyofika Entebbe.

Mwaka 1902 Royal Society ya London ilituma tume ya watu watatu: George Low, Cuthbert Christy na kijana wa Kiitalia, Aldo Castellani. Maabara yao yalikuwa Entebbe. Mwanzoni walidhani chanzo ni minyoo midogo ya filaria iliyoonekana katika damu ya wagonjwa, lakini minyoo hiyo ilikutwa pia kwa watu wasio na malale. Castellani akageukia bakteria. Alitoa maji ya mgongo wa wagonjwa, akayazungusha kwa kasi katika mashine hadi mashapo yakatuama chini, kisha akaweka tone la mashapo hayo chini ya hadubini. Novemba 1902 aliona kiumbe kidogo chenye mkia kikijipindapinda ndani ya tone. Kilikuwa tripanosoma.

La kustaajabisha ni kwamba hakukipa uzito. Alikuwa anatafuta bakteria, na bakteria ndio waliobaki akilini mwake. Machi 1903 akawasili David Bruce, pamoja na mkewe Mary, aliyefanya naye kazi maabarani, na daktari David Nabarro. Miaka ya 1890, huko Zululand, Bruce alikuwa amethibitisha kwamba tripanosoma inayosambazwa na mbung'o ndiyo inayoua ng'ombe kwa nagana. Castellani alipomsimulia alichokiona, Bruce alitambua maana yake mara moja. Wakapima wagonjwa wengine, wakaikuta tripanosoma katika maji ya mgongo ya wengi wao. Kwa watu wenye maradhi mengine waliopimwa, hawakuikuta. Baadaye pakazuka ugomvi mkali magazetini kuhusu nani mgunduzi wa kweli. Mimi naona mmoja aliona bila kutambua, na mwingine alitambua alichosimuliwa. Tone la maji lilihitaji macho, lakini lilihitaji mazungumzo pia.

Wenyeji nao walikuwa na sehemu yao. Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, aliwahimiza machifu wakusanye nzi kutoka sehemu mbalimbali na kueleza wapi wagonjwa walikuwapo. Ramani ya mbung'o, ambaye Waganda humwita kivu, ikalingana na ramani ya malale. Kuhusu wagonjwa walioinamisha migongo yao ili sindano iingie, vitabu vyetu vya shule havina la kusema.

Damu, tezi na mgongo

Utafiti uliendelea. Ilibainika kwamba homa ya tripanosoma, iliyodhaniwa kuwa ugonjwa mwingine, na malale ni ugonjwa mmoja wenye hatua mbili: vimelea katika damu, kisha vimelea katika maji ya mgongo. Mwaka 1904 Greig na Gray, nao wakiwa Entebbe, walionyesha kwamba majimaji ya tezi za shingo zilizovimba huweza kufichua vimelea mapema.

Hata hivyo, kujua ugonjwa si kuuponya. Robert Koch alikuja visiwa vya Sese mwaka 1906, akawatibu wagonjwa kwa Atoxyl, dawa yenye aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Serikali ya kikoloni nayo iliwahamisha wakazi wa kando ya ziwa. Maelfu walipoteza mashamba na makaburi ya wazee wao.

Mama mdogo na neno "kupima"

Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari huko West Nile, eneo ambalo malale ya gambiense yalikuwa yamerudi kwa nguvu. Mama yangu mdogo alipatwa na homa zisizokwisha. Nilimsindikiza katika hospitali moja. Damu ilichukuliwa, ikaonekana ana vimelea. Mhudumu kijana akamwambia kwa Kiswahili cha haraka: "Sasa tunapima maji ya mgongo." Mama mdogo aliniuliza kwa sauti ya chini, "Wanayapima ili wayapeleke wapi?" Aliamini maji ya mgongo ndiyo nguvu ya mtu, nayo yakitoka hayarudi. Tuliondoka bila kuaga.

Tulirudi baada ya miezi miwili. Sasa alikuwa akisinzia mchana, kijiko kikiwa mkononi. Safari hii tulimkuta mhudumu mzee, aliyevuta kiti akaketi. "Mama," alisema, "wale wadudu wakiwa kwenye damu tu, dawa yao ni nyepesi. Wakifika kichwani, dawa ni nyingine, kali. Hatuwezi kubahatisha. Maji kidogo ya mgongo ndiyo yatatuambia wamefika wapi, na mwili utatengeneza mengine." Mama mdogo aliinama mwenyewe. Maji yalionyesha kwamba vimelea vimefika kichwani. Ilibidi apewe melasoproli, dawa yenye aseniki ambayo yenyewe iliua takriban wagonjwa 5 katika kila 100. Alipona. Lakini laiti siku ile ya kwanza angeelezwa kama alivyoelezwa na mzee yule, huenda asingalilazimika kuipita hatari hiyo.

Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mama mdogo hakuficha maradhi. Alikimbia neno.

Hitimisho

Leo hali ni afadhali. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, dawa ya kumeza, na wagonjwa wengi wa gambiense hawalazimiki tena kuchomwa mgongoni. Mwaka 2022 shirika hilo lilithibitisha kwamba malale ya gambiense si tena tatizo la afya ya umma Uganda. Lakini damu, mkojo na makohozi vinaendelea kuchukuliwa kila siku katika zahanati zetu, kwa malaria, kifua kikuu na mengineyo. Huko West Nile, ambako mgonjwa aweza kuwa Mlugbara, Mmadi au mgeni kutoka Kongo, mara nyingi Kiswahili ndicho daraja kati yake na mhudumu.

Sipendekezi tulifute neno kupima. Limekwisha kukita mizizi, na kuchunguza lipo tayari kulisaidia. Ninachopendekeza ni kwamba tunapofundisha istilahi kama ugiligili wa uti wa mgongo, kimelea na sampuli, tusiishie kwenye tafsiri. Tumtake mwanafunzi aeleze kwa sentensi tatu nyepesi kinachochukuliwa, kwa nini, na mwili utafanya nini baadaye. Mzee yule wa hospitali alihitaji sentensi chache tu.

Wanafunzi watakaokwenda mazoezini muhula ujao wanaombwa watuletee majina ya malale, mbung'o na majimaji ya mwili yanayotumika katika wilaya zao, ili tuyakusanye pamoja hapa idarani.