Spitfire na Walinzi Wake: Historia ya Kuhifadhi Ndege za Vita vya Pili vya Dunia

Miongoni mwa silaha zilizotumika katika Vita vya Pili vya Dunia, ni chache zilizopata wapenzi wengi wakati wa amani kama ndege za mapambano, yaani zile ndege ndogo, aghalabu za kiti kimoja, zilizoundwa ili kuzifukuza ndege za adui na kuziangusha angani. Nchini Uingereza mapenzi hayo yameelekezwa zaidi kwa ndege moja, Spitfire, ambayo leo hununuliwa kwa mamilioni ya pauni, hukarabatiwa kwa miaka kadhaa, na kila kiangazi hurushwa mbele ya maelfu ya watazamaji. Hata hivyo, mapenzi hayo hayakuanza mara tu vita vilipokwisha. Kwanza ndege hizo zilitupwa, kisha zikafanywa ukumbusho, na hatimaye zikawa mali ya thamani kubwa. Na katika kila hatua, kumbukumbu za watu waliozirusha ndizo zilizoamua kipi kihifadhiwe na kipi kisahauliwe.

Spitfire ilibuniwa na mhandisi R. J. Mitchell wa kampuni ya Supermarine, ambaye kabla ya hapo alikuwa amejipatia sifa kwa ndege zake za mashindano zilizokuwa zikiruka kutoka majini na kutua majini. Ndege ya kwanza ya majaribio iliruka tarehe 5 Machi 1936 katika uwanja wa Eastleigh, karibu na mji wa Southampton, lakini Mitchell hakuishi kuiona ikitumiwa na jeshi, kwa kuwa alifariki kwa saratani mwezi Juni 1937, na kazi yake ikaendelezwa na msaidizi wake, Joseph Smith. Mwezi Agosti 1938 Kikosi namba 19 cha Jeshi la Anga la Uingereza, kilichokuwa na makao yake Duxford, kilikuwa cha kwanza kupokea ndege hizo. Mambo mawili yaliitofautisha na ndege nyingi za wakati wake: injini ya Merlin kutoka kiwanda cha Rolls-Royce, yenye silinda 12, ujazo wa lita 27 na nguvu iliyozidi farasi 1,000, na mabawa yake membamba yenye umbo la duaradufu, yaani mviringo uliorefushwa na kuchongoka taratibu kuelekea ncha, umbo ambalo lilipunguza ukinzani wa hewa na kuifanya ndege itambulike kwa mbali.

Marubani walioacha maelezo yao karibu wote wanaafikiana kwamba ndege hii ilikuwa na tabia mbili tofauti, moja ikiwa ardhini na nyingine ikiwa angani. Ardhini ilikuwa ya shida, kwa sababu pua yake ndefu iliinuka juu na kumziba rubani asione mbele, hivyo ilimlazimu aiendeshe kwa kuyumba kushoto na kulia ili apate kuchungulia pembeni, huku magurudumu yake yaliyokaribiana yakimtaka awe mwangalifu isije ikapinduka. Isitoshe, rejeta, yaani chombo cha kupoza maji ya injini, ilikuwa chini ya bawa ambako haikupata upepo wa kutosha mpaka ndege iruke, kwa hiyo rubani aliyecheleweshwa uwanjani aliona kipimo cha joto kikipanda upesi hadi kiwango cha hatari. Katika matoleo ya awali rubani alikunja magurudumu kwa pampu ya mkono. Mara baada ya kupaa ilimbidi ahamishe mkono wa kushoto kwenye usukani na kupampu kwa mkono wa kulia, na kwa kuwa mikono yote miwili ilielekea kufuata mwendo mmoja, ndege ya mwanafunzi ilionekana ikipanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi, jambo lililowawezesha waliobaki chini kumtambua mgeni bila kuambiwa jina lake. Ikishapata mwendo, ndege hiyo hiyo ilitii mguso mdogo tu wa usukani.

Wepesi huo haumaanishi kwamba haikuwa na kasoro. Ndege ya mwaka 1940 ilibeba bunduki za rashasha 8, ambazo risasi zake zilimalizika kwa takriban sekunde 15 tu za kufyatua mfululizo. Injini yake nayo ilipata mafuta kupitia kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na rubani alipoinamisha pua ghafla mtiririko wa mafuta ulivurugika na injini ikakata kwa muda, ilhali injini za Messerschmitt za Wajerumani, zilizokuwa zikipuliziwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hazikuwa na tatizo hilo. Nafuu ilipatikana mwaka 1941, pale mhandisi Beatrice Shilling alipobuni kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kilichowekwa kwenye njia ya mafuta ili kudhibiti kiasi kinachopita.

Katika mapambano ya angani ya mwaka 1940, yaliyodumu kuanzia Julai hadi Oktoba juu ya kusini mwa Uingereza, sifa nyingi zilikwenda kwa Spitfire. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: ndege iliyobeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo huo ilikuwa Hurricane, iliyobuniwa na Sydney Camm wa kampuni ya Hawker na kuruka kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1935. Hurricane ilikuwa na kasi ndogo zaidi, na sehemu ya nyuma ya kiwiliwili chake ilifunikwa kitambaa badala ya bati la alumini, lakini ilikuwa nyingi vikosini, ilitengenezeka kwa urahisi ilipotobolewa na risasi, na iliangusha ndege nyingi za adui kuliko Spitfire. Kikosi namba 303 cha marubani wa Poland, kilichohesabiwa miongoni mwa vikosi vilivyofanikiwa zaidi katika mapambano hayo, kilitumia Hurricane. Kwamba jina la Spitfire ndilo lililobaki midomoni mwa watu kunaonyesha jinsi umbo la kupendeza na jina la kusisimua vinavyoweza kuathiri kumbukumbu ya umma kuliko takwimu.

Fedha nazo zilichangia umaarufu huo. Wakati wa vita serikali ya Uingereza ilihimiza michango ya hiari ya kununulia ndege, ikatangaza kwamba pauni 5,000 zingetosha kwa Spitfire moja, kiasi ambacho kwa hakika kilikuwa pungufu ya gharama halisi, na mchangiaji alipewa haki ya kuchagua jina la kuandikwa ubavuni mwa ndege. Miji, viwanda, magazeti na makoloni yakashindana kuchanga. Baadhi ya vikosi vilipewa majina ya makoloni yaliyotoa michango, na hivyo Kikosi namba 72 kikaitwa cha Basutoland, nchi ambayo leo ni Lesotho, Kikosi namba 91 kikaitwa cha Nigeria, na Kikosi namba 249 kikaitwa cha Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Kwa hiyo historia ya ndege hizi si ya Uingereza peke yake, ingawa maonyesho mengi ya angani huisimulia kana kwamba ni yake peke yake.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, thamani ya ndege hizo ilishuka haraka. Spitfire zaidi ya 20,000 zilikuwa zimetengenezwa, lakini ndege za jeti, yaani zile zinazosukumwa na mkondo wa hewa ya moto badala ya rafadha, zilikuwa zimeanza kutumika tangu mwaka 1944, na majeshi hayakuona sababu ya kutunza mashine zilizopitwa na wakati. Nyingi zilikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, nyingine zikauzwa kwa nchi rafiki, na chache zikasimamishwa kwenye malango ya kambi kama mapambo na kuachiwa mvua. Kazi ya mwisho ya kivita ya Spitfire katika jeshi la Uingereza ilifanyika Malaya tarehe 1 Aprili 1954, nayo ilikuwa safari ya kupiga picha kutoka angani.

Mabadiliko yalianza mwaka 1957, wakati maofisa wachache katika kambi ya Biggin Hill walipounda kikundi cha kuzirusha ndege za kihistoria, wakiwa na Hurricane moja na Spitfire tatu tu. Kikundi hicho, ambacho baadaye kilikuja kuwa kitengo rasmi cha ukumbusho wa mapambano ya mwaka 1940 na ambacho tangu 1976 kina makao yake Coningsby, kilithibitisha kwamba ndege hizo zingeweza kuendelea kuruka wakati wa amani. Msukumo wa pili ulitoka kwenye sinema. Ili kutengeneza filamu ya Battle of Britain, iliyotoka mwaka 1969, watayarishaji walikusanya ndege kutoka makumbusho, malango ya kambi na kwa watu binafsi, na wakapata kutoka Hispania ndege zilizoundwa kwa mfano wa Messerschmitt. Kwa kuwa Wahispania walikuwa wamezifunga injini za Merlin, ndege zilizoigiza upande wa Wajerumani katika filamu hiyo ziliendeshwa na injini za Uingereza. Upigaji picha ulipomalizika, nyingi za ndege hizo zilinunuliwa na watu binafsi, na tangu hapo likaanza soko la ndege za vita ambalo halikuwepo kabla.

Soko hilo lilizaa ufundi wake, na ufundi huo ukazaa swali gumu kuhusu uhalisi. Mfano ulio wazi ni Spitfire mbili zilizoangukia fukwe za Ufaransa mwezi Mei 1940, wakati majeshi ya Uingereza yalipokuwa yakirudi nyuma kuelekea Dunkirk. Ya kwanza, P9374, ilitua pwani ya Calais ikamezwa na mchanga, ikajitokeza tena mwaka 1980, ikaruka tena mwaka 2011, na mwaka 2015 ikauzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Ya pili, N3200, iliyorushwa na kamanda wa Kikosi namba 19, ilifukuliwa mwaka 1986, ikaruka tena mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikatolewa zawadi kwa makumbusho ya vita yaliyoko Duxford, uwanja ule ule uliokuwa makao ya kikosi hicho. Chuma kilichokaa baharini kwa miaka 40 hakiwezi kubeba uhai wa rubani, hivyo mafundi hulazimika kutengeneza upya karibu kila kipande kwa kufuata michoro ya asili, wakipigilia ribiti zilizolingana na uso wa bati ili zisikinze hewa. Katika miradi ya aina hii, kinachounganisha ndege mpya na ile iliyoanguka huwa mara nyingine ni kibati cha utambulisho, yaani kipande kidogo cha chuma chenye namba ya kiwandani, pamoja na sehemu chache zilizookolewa. Wapo wanaoiita kazi hiyo ukarabati na wapo wanaoiita uigaji, lakini hakuna anayekana kwamba imeokoa stadi za mikono ambazo zingetoweka pamoja na wafanyakazi wa viwanda vya miaka ya 1940.

Sambamba na ufundi huo ilikua fasihi ya kumbukumbu za urubani. Richard Hillary, aliyeungua vibaya baada ya kuangushwa mwezi Septemba 1940, alichapisha The Last Enemy mwaka 1942 na akafa katika ajali ya ndege mwanzoni mwa mwaka uliofuata, kwa hiyo kitabu chake kina ukali wa mtu ambaye bado yumo vitani. Geoffrey Wellum, aliyeingia Kikosi namba 92 akiwa na umri wa miaka 18, alichapisha First Light mwaka 2002, na uzito wa kitabu chake unatokana na uzee unaoutazama ujana bila kuupamba. Afrika Mashariki nayo imo katika fasihi hiyo kupitia Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto, ambaye vita vilipoanza alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam. Mwezi Novemba 1939 aliendesha gari hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga, akajifunza urubani kwa ndege ndogo ya wazi aina ya Tiger Moth, na kwa kuwa urefu wake ulikuwa futi 6 na nusu, kichwa chake kilitokeza juu ya kioo cha kukinga upepo, ikambidi ainame kila mara ili aweze kupumua. Baadaye alirusha Hurricane huko Ugiriki mwaka 1941, na katika kitabu chake Going Solo cha mwaka 1986 anaeleza kwamba kati ya vijana 16 waliofunzwa pamoja Nairobi, 13 walikufa angani ndani ya miaka miwili.

Wengine walichelewa zaidi kusikilizwa. Wanawake 168 walikuwa marubani wa shirika la kiraia lililopeleka ndege kutoka viwandani hadi vikosini, wakiruka bila redio, na mara nyingi wakiingia katika ndege ya aina ambayo hawakuwahi kuirusha, wakitegemea kijitabu kidogo cha kadi kilichotaja kasi na taratibu muhimu za kila aina. Kwa miongo mingi maonyesho ya angani hayakuwataja wanawake hao sana, na ni katika miaka ya karibuni, walipokuwa wamebaki wachache na wazee, ndipo walipoanza kualikwa kusimulia.

Kuzirusha ndege hizi kuna gharama ambayo si ya fedha tu. Mwezi Mei 2024 Spitfire ya kitengo cha Coningsby ilianguka na kumuua rubani wake, na mwezi Novemba 2022 ndege mbili za kihistoria ziligongana katika maonyesho ya Dallas, Marekani, zikaua watu 6. Kila baada ya ajali kama hizo huibuka hoja kwamba ndege chache zilizosalia zingetunzwa ndani ya makumbusho, na watetezi wa urushaji hujibu kwamba mashine iliyosimama hukosa mafundi wa kuijua na marubani wa kuielewa. Pande zote mbili zina ukweli, na ndiyo maana desturi iliyozoeleka ni kugawana kazi: Spitfire 60 hivi huruka duniani kote, huku nyingine nyingi zikitunzwa ardhini.

Rubani wa mwisho aliyejulikana kuwa hai kati ya wale karibu 3,000 wa mapambano ya mwaka 1940, John Hemingway, alifariki mwezi Machi 2025 akiwa na miaka 105. Kwa kifo chake historia hii imeingia hatua ya nne, ambapo mashine zimebaki bila shahidi wa kuzisemea. Mafundi wameonyesha kwamba ndege inaweza kuundwa upya kutokana na kibati na michoro, lakini ushuhuda ambao haukuandikwa hauna mchoro wa kurejelea, na kwa hiyo wanaotumia mamilioni kuhifadhi chuma wanapaswa kutumia japo sehemu ndogo ya fedha hizo kuandika habari za mafundi, za marubani wa nchi nyingine na za wachangiaji wa makoloni, ambao majina yao bado hayajasikika katika viwanja vya maonyesho.