Waliotishia Kuihama WhatsApp Wako Wapi?

Januari 2021 tangazo moja liliingia kwenye simu za Lushoto kama lilivyoingia kwenye za London: kubali masharti mapya ya faragha kabla ya Februari 8, la sivyo WhatsApp hutaitumia tena. Wengi waliamini kuwa Facebook, mmiliki wake tangu 2014, sasa itasoma jumbe zao. Haikuwa hivyo. Jumbe za mtu na mwenzake zilibaki zimefungwa kwa msimbo, na mabadiliko yalihusu hasa mawasiliano na wafanyabiashara. Lakini nani aliyesoma masharti yenyewe? Bilionea Elon Musk akawahimiza watu watumie programu shindani ya Signal, nayo ikazidiwa hadi mitambo ikakwama Januari 15. Telegram, mshindani mwingine, ikatangaza watu wapya milioni 25 ndani ya saa 72. WhatsApp ikaogopa, ikasogeza tarehe hadi Mei 15.

Tanzia yake ilikuwa karibu kuandikwa. Badala yake, WhatsApp iliyokuwa na watumiaji bilioni mbili mwaka 2020 ilivuka bilioni tatu mwaka 2025. Wengi waliofungua Telegram hawakufuta kitu, waliongeza tu.

Mkulima wa kabichi wa Lukozi atahamaje peke yake? Dalali wake wa Dar es Salaam yuko humo, kikoba kimo humo, michango ya harusi na misiba ya ukoo nayo humo. Labda wote wakubaliane siku moja, na ukoo gani umewahi kukubaliana hivyo?

Usambara, milima ya Lushoto na Lukozi, ina historia ya watu wasiohama. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, baadaye ukaenea milimani: lima matuta kwenye mteremko, ukikaidi unaadhibiwa. Kazi ilikuwa nzito, na sehemu kubwa iliwaangukia wanawake. Wasambaa hawakuuacha mlima. Waligoma wakiwa palepale, hasira yao ikaipa TANU nguvu, na kufikia 1957 mpango ukafa.

Uganda nayo, Julai 2018, ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Wengi hawakuihama mitandao, waliikwepa kodi kwa VPN, programu inayoficha mtu anatumia tovuti gani, na kodi hiyo ikafutwa 2021.

Wapo waliohama kweli. Tovuti ya Marekani ya Digg ilijibadilisha Agosti 2010, watumiaji wakakasirika wakamiminikia mshindani wake Reddit, na 2012 ikauzwa kwa takriban dola 500,000. Ila pale watu walisomeana habari bila kujuana. Hakuna aliyemwacha shangazi nyuma.

Kwa hiyo wenye mitandao hii wanajua kelele zetu zitapita, na Juni 2025 WhatsApp ilitangaza kuingiza matangazo ya biashara kwenye ukurasa wa Status bila kutetereka. Wewe unayeuza karoti na plamsi kwa simu, nakili leo namba za wateja wako kwenye daftari, ili siku ukitaka kuhama usiwapoteze.