Neno "Fashisti" na Uainishaji wa Vyama vya Siasa: Mfano wa Nyanda za Juu Kusini

Istilahi ya siasa ina kazi mbili: kubainisha na kulaani. Kazi ya pili inapoimeza ya kwanza, jamii hupoteza chombo cha kufikiria. Neno fashisti ni mfano mzuri. Kiswahili kililitohoa, kikalipa wingi mafashisti, kisha kwa kiambishi u- kikaunda ufashisti, dhana iliyoketi safu moja na ubepari, ubeberu na ujamaa. Umbo hilo hudokeza mfumo; matumizi, hata hivyo, yameelekea zaidi kwenye shutuma.

Tatizo hili halikuanzia Afrika. Kuanzia mwaka 1928, Jumuiya ya Kimataifa ya Kikomunisti ilivihesabu vyama vya Kisoshalisti vya Ulaya kuwa "ufashisti wa kijamii". Huko Ujerumani, wakomunisti na wasoshalisti wakabaki wametengana hadi Hitler aliposhika madaraka Januari 1933. Mwaka 1935 Georgi Dimitrov alisahihisha msimamo huo: ufashisti si serikali moja ya kibepari kuipokea nyingine, bali ni kubadilika kwa umbo lenyewe la dola, udikteta wa mabavu ya wazi ukichukua nafasi ya bunge.

Nyanda za Juu Kusini ziliujua ufashisti kwa karibu. Walowezi wa Kijerumani walioruhusiwa kurejea Tanganyika mwaka 1925 walifungua mashamba Iringa, Mufindi na Mbeya. Baada ya 1933, chama cha Nazi kilijipatia wafuasi miongoni mwao, na wengi wakatumaini koloni lingerudishwa Ujerumani. Vita vilipoanza mwaka 1939, Waingereza waliwaweka kizuizini. Hapa neno lilikuwa na maana kamili: chama, itikadi ya ubaguzi wa rangi na dai la ardhi ya wengine.

Miongo mitatu baadaye, Iringa ilizua swali tofauti. Desemba 25, 1971, Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliuawa Isimani na mkulima Saidi Mwamwindi, wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa. Katika jarida la Maji Maji la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1972, A. Awiti aliichambua Isimani kwa kigezo cha tabaka: nani ana mashamba makubwa na matrekta, nani ni kibarua. Issa Shivji naye, katika kitabu chake cha 1976, alilitazama tabaka tawala kama mabwanyenye warasimu. Chama tawala kilikosolewa vikali, lakini kwa kigezo kinachoweza kupimwa. Haikulazimu kukiita cha kifashisti.

Vita vya Kagera vya 1978–1979 vililirudisha neno hilo masikioni mwa watu wote. Idi Amin aliitwa nduli na fashisti, maneno mawili yakatamkwa pamoja kana kwamba ni visawe. Nduli, hata hivyo, hutaja ukatili wa mtu. Fashisti hutaja aina ya utawala. Tofauti hiyo ilipofifia, mfumo ukawa tusi.

Tangu vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, uainishaji umekuwa na uzito mpya. Chama kinaweza kuwa cha kibepari, cha kirasimu, hata cha kimabavu, pasipo kuwa cha kifashisti. Anayeviita vyote kwa jina moja atakosa neno siku ufashisti wenyewe utakapobisha hodi.