Puto la vita lililogeuka njiani, na watu waliobeba vita kichwani

GOMA – Kila vita huwa na uvumi wake wa silaha moja kubwa itakayomaliza mambo yote. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambayo ilifika hadi hapa ziwani Kivu, silaha hiyo ilikuwa puto la urefu wa mita 226, lililojazwa gesi na kusukumwa na injini tano. Liliitwa L59.

Mwaka 1914 Goma ilikuwa kituo kidogo cha Wabelgiji, na ng'ambo ya pili, Gisenyi, walikaa Wajerumani. Mwezi wa Septemba Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi. Mwaka 1916 jeshi la Kongo, Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur, lilivuka mpaka, likaingia Kigali mwezi wa Mei na Tabora tarehe 19 Septemba. Wajerumani, wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, wakasukumwa kusini. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, na risasi na dawa zikaanza kuwaishia.

Wakubwa wa Ujerumani wakapata wazo: kama bahari imefungwa, msaada upite angani. Puto lingebeba tani 15 hivi za bunduki za rashasha, risasi na dawa. Kwa kuwa Afrika haikuwa na haidrojeni ya kulijaza tena, safari ilikuwa ya kwenda tu. Likishafika, lingepasuliwa lote: ngozi yake ya nje ishonwe mahema na nguo, kitambaa cha ndani kiwe bendeji, na vyuma vyake vijenge mlingoti wa redio. Puto la kwanza lililotayarishwa kwa kazi hiyo, L57, liliharibiwa na dhoruba kabla ya kuondoka.

L59 liliruka kutoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, kamanda akiwa Ludwig Bockholt. Likapita Bahari ya Mediterania na Misri. Jangwani joto la mchana lilitanua gesi, baridi ya usiku ikaibana, na chombo kikaponea chupuchupu kuanguka. Injini moja ikafa, na kwa kuwa ndiyo iliyoendesha redio, mabaharia wakabaki kusikia tu bila kuweza kujibu. Walipokuwa karibu na Khartoum, zaidi ya nusu ya njia, ikaingia amri ya redio: rudini. Mahali pa kutua palikuwa pamekwisha kupotea mikononi mwa Waingereza.

Puto lilitua tena Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 angani, mzigo ukiwa bado ndani. Siku ileile Lettow-Vorbeck na askari wake walivuka mto Ruvuma kwa miguu, wakawapiga Wareno huko Ngomano, na kuchukua bunduki, risasi na dawa zao. Tarehe 7 Aprili 1918 L59 liliwaka moto juu ya bahari karibu na Italia. Wote waliokuwemo walikufa.

Historia imetunza hata saa za safari ya puto hilo, lakini vita yenyewe haikubebwa na puto. Upande wa Kongo peke yake, watu zaidi ya laki mbili walichukuliwa kuwa wapagazi, wengi wao kwa nguvu. Walibeba kichwani masanduku ya risasi na chakula cha askari, huku wao wenyewe wakifa kwa njaa, kuhara na baridi. Wajerumani na Waingereza walifanya vivyo hivyo. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Miaka zaidi ya mia imepita. Bado vita ikisogea, barabara ya Sake kuja Goma hujaa watu wenye magodoro, masufuria na watoto. Wazee wanaojua habari za mababu waliochukuliwa kubeba mizigo hawajaisha wote. Ni vizuri waulizwe majina yao mapema.