Darren Fletcher na maradhi ya utumbo aliyoyaficha

Mashabiki wa Manchester United wa enzi za Sir Alex Ferguson hawajamsahau Darren Fletcher, kiungo Mskoti aliyezaliwa 1984, mtu wa kukimbia dakika tisini kama hana mapafu ya kuchoka. Mwaka 2011 akaanza kutoonekana uwanjani. Tukaambiwa ana virusi. Desemba mwaka huo klabu ikatangaza ukweli: anaugua kolaitisi ya vidonda, maradhi sugu ya utumbo mpana, na atakaa nje kwa muda.

Baadaye mwenyewe alieleza kuwa alikuwa nayo kabla ya hapo, akiwapa wenzake visingizio. Mchezaji wa kulipwa, mwenye madaktari mlangoni, aona haya kusema anakwenda chooni mara nyingi. Sembuse sisi?

Katika maradhi haya kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huushambulia utando wa ndani wa utumbo mpana. Utando huvimba, hufanya vidonda na kuvuja damu. Mgonjwa huharisha damu na kamasi, hukatwa na tumbo, huamka usiku kukimbilia choo, hukonda na kupungukiwa damu. Hayaambukizi. Huja na kuondoka, na hapo ndipo watu hudanganyika: wiki mbili ukiwa mzima, wadhani umepona.

Huku kwetu damu ikionekana chooni, jirani atakwambia ni bawasiri, na mwenye duka la dawa atakupa vidonge vya amiba. Huenda wamepatia. Lakini kuharisha kukipita wiki kadhaa, au damu ikirudi baada ya dozi kwisha, yataka hospitali. Daktari hupima damu na choo, kisha hupitisha kamera nyembamba kwa njia ya haja kubwa na kuchukua kipande kidogo cha utando kikapimwe. Amiba lazima itafutwe kwanza, kwani dalili hufanana, na baadhi ya dawa za kutuliza kinga zaweza kumdhuru vibaya mwenye amiba. Kwa hivyo usimeze dawa ya kolaitisi ya mtu mwengine, hata akiwa ndugu yako.

Mwambie daktari wazi: mara ngapi kwa siku, damu kiasi gani, tangu lini. Yeye hashtuki.

Wengi hutulizwa kwa dawa. Fletcher dawa hazikumtosha. Alirudi uwanjani Septemba 2012, lakini Januari 2013 ikabidi apasuliwe, msimu ukaishia hapo. Upasuaji wa aina yake huondoa utumbo mpana, na utumbo mwembamba hutengenezwa kifuko cha kushika kazi yake. Akarudi tena Desemba 2013. Mwaka 2015 alihamia West Bromwich Albion, wakampa unahodha, na 2017 akaenda Stoke City. Ligi Kuu ya Uingereza hiyo, bila utumbo mpana.